Barua ya wazi kwa wapanga mitaala: mwacheni mtoto aende jikoni akaulize

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania na wakuza mitaala wote mnaokaa naye meza moja. Nakala: Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, Baraza la Mitihani la Tanzania.

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Tanga. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na kwa miaka 11 nimekuwa mlezi wa klabu ya habari. Cheo hiki hakina posho wala kipindi kwenye ratiba. Kazi yake kubwa ni kutafuta karatasi za manila na kujieleza ofisini kwa mkuu wa shule.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi, na mihtasari mingi imeandikwa upya. Siku mtakapoufikia uandishi wa habari, uwe somo la kujitegemea au sura ndani ya Kiswahili, naomba muwe mmeshaisoma barua hii. Ninachoomba ni kwamba gazeti la shule liwe ndilo somo lenyewe, lifundishwe kwa kutengenezwa na lipimwe kwa kutengenezwa. Na mwandike, kwa maneno yasiyo na chenga, ni nani ana haki ya kulibandua.

Niwasimulie nilivyofika hapo.

Muhula mmoja binti wa kidato cha pili aliniletea habari ya gazeti letu la ukutani. Kichwa chake: "MKUU AMEKULA HELA YA CHAKULA!!!" Wino mwekundu, alama tatu za mshangao. Ushahidi wake ulikuwa kwamba makande ya mchana yana maharage ya kuhesabu, na hayo machache yana wadudu. Nikamwuliza, "Wewe umeyaona wapi hayo ya hela?" Akanijibu, "Kila mtu anajua, mwalimu." Nikamrudishia karatasi, nikamwambia aende jikoni.

Siku ya kwanza alimkuta mama mpishi anachochea kuni, akamwuliza papo hapo, "Kwa nini maharage yana wadudu?" Jibu alilopata ni "Nani kakutuma?" Akarudi kwangu amenuna. Tukakaa. Nikamwambia swali la "kwa nini" ni la mwisho. Mkubwa akiulizwa hilo kwanza anasikia anashtakiwa. Kesho yake akaenda, akaamkia, akaketi kwenye kigoda akasaidia kuchambua maharage kwenye ungo. Walipofika katikati ya ungo akauliza, "Mama, gunia hili liliingia lini?" Liliingia muhula uliopita. "Yalikuwa mangapi?" Manne, yamebaki mawili. "Nani aliyapokea?" Mama akafuta mikono, akampeleka stoo akamwonyesha.

Kutoka stoo akaenda kwa mhasibu na kikaratasi nilichomwandikia. Akaonyeshwa daftari la michango. Katika kidato cha pili kizima, waliolipa mchango wa chakula hawakufika nusu. Na katika wasiolipa lilikuwamo jina lake mwenyewe.

Aliniuliza kama ni lazima aliandike na hilo. Nikamwambia yeye ndiye mwandishi. Akaliandika, mstari mmoja, karibu na mwisho: "Mwandishi wa habari hii naye hajalipa."

Kichwa kikawa "Kwa nini makande yana maharage machache." Tulibandika Jumatatu asubuhi. Kengele ya mapumziko ilipogonga, ukuta ulikuwa mtupu, zimebaki pembe nne za manila chini ya gundi. Mkuu alinambia, kwa upole kabisa, "Mwalimu, wazazi wakiliona hili je?" Habari iliyomsafisha na wizi ndiyo aliyoibandua. Ile ya wino mwekundu ilikwishazunguka shule nzima kwa mdomo, na haikuwa na karatasi ya kubandua.

Nimerudia kisa hiki kwenye semina mpaka wenzangu wananitania, lakini kila ninachowaomba kimo ndani yake.

Nianze na kuhakiki. Nina ugomvi wa muda mrefu na methali moja tunayowafundisha sisi wenyewe: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ni tamu, na kwenye mtihani inawapa watoto alama. Lakini mtoto aliyeishika vizuri hawezi kuwa mwandishi wa habari mpaka aiache mlangoni. Sisi ni watu wa "inasemekana" na "nasikia". Lugha yetu ina vitenzi vya kujificha vizuri mno, na mtu anaweza kuandika ukurasa mzima wa "imedaiwa" na "imefahamika" bila kukutana na binadamu hata mmoja. Magazeti ya watu wazima yanafanya hivyo kila siku, na watoto wanaiga.

Dawa niliyoipata ni ya bei ya daftari la kurasa 48. Kila mwanafunzi wa klabu anapiga mistari miwili kwenye ukurasa apate safu tatu: NIMEONA, NIMEAMBIWA, NADHANI. Kila kitu anachorudi nacho lazima kikae mahali. "Gunia lina matundu" linakwenda safu ya kwanza. "Liliingia muhula uliopita" linakwenda ya pili, na mbele yake jina la aliyesema na siku. "Mkuu amekula hela" linakwenda ya tatu, na safu ya tatu haibandikwi ukutani. Mwanzoni safu ya tatu hujaa mpaka inafurika na ya kwanza ina mistari miwili. Baada ya miezi kadhaa mizani inageuka. Sijui kipimo kingine cha maendeleo ya mwandishi mchanga kinachozidi hicho, na sijawahi kukiona kwenye muhtasari wowote.

La pili ni adabu ya kuuliza. Msilichukulie kama jambo dogo la utangulizi, la kipindi kimoja. Mtoto wa kwetu amelelewa kwamba mkubwa haulizwi, anasikiliza, anaitika. Mkimwambia tu "mhoji mwenyekiti wa kijiji" mnampeleka avunje malezi ya nyumbani kwao, na atachagua moja kati ya mawili: aogope asiulize, au aulize kwa kiburi kwa kudhani ndiyo uandishi. Kuna njia ya kati na inafundishika. Unaamkia. Unajitambulisha na kusema umetumwa na gazeti la shule. Unasema wazi kwamba majibu yataandikwa. Unaanza na lini, ngapi, wapi, nani alipokea. Unamsomea mzee ulichoandika kabla hujaondoka. Hapa zinahitajika wiki nzima za mazoezi, wanafunzi wakihojiana wao kwa wao, kisha mlinzi wa zamu, kisha mwalimu wa stoo, ndipo watoke nje ya geti.

Linganisheni na hali ilivyo. Shule nyingi zina taarifa ya habari ya paredi. Usiku mtoto anasikiliza redio, ananakili vichwa vinne, asubuhi anasimama mbele ya wenzake mia tano anawasomea habari za vita vya mbali na kupanda kwa bei ya mafuta ya petroli. Sauti nzuri, kimombo kimenyooka. Wakati huohuo bomba lililo hatua 20 nyuma yake halijatoa maji tangu Ijumaa, na hakuna hata mmoja aliyetumwa kuuliza kwa nini. Tumemfundisha kusoma habari. Kutafuta, bado.

Na hili la habari kutoka shuleni si geni kwetu wala halikuletwa na mradi wa wafadhili. Gazeti la Kiswahili lilizaliwa shuleni. Mwaka 1888 wamisionari Waanglikana wa UMCA walianzisha Msimulizi huko Zanzibar, likiwa na mizizi yake katika shule yao ya Kiungani. Mwanzoni mwa karne ya 20 likaja Kiongozi, lililotoka hapahapa Tanga, katika shule ya Serikali ya Wajerumani iliyokuwa na mtambo wake wa chapa. Waalimu na makarani waliotawanyika bara walikuwa wakilitumia barua za habari za kwao. Lilikwisha 1916, Waingereza walipoingia. Halikuwa gazeti huru, tusidanganyane. Lilikuwa chombo cha mkoloni. Lakini ndani yake watu walizoea kuandika: kwetu mvua imenyesha, nzige wamepita, fulani amehamishwa. Kisha 1923 likaanza Mambo Leo, na anwani ya Mambo Leo ndiyo inayonifurahisha: mchapishaji wake alikuwa Idara ya Elimu ya Tanganyika. Waheshimiwa, idara iliyowatangulia ninyi iliwahi kuendesha gazeti, na barua na mashairi yakamiminika humo kutoka pembe zote za nchi, ya Shaaban Robert yakiwamo. Kwa hiyo mtu akisema kikaoni kwamba elimu na magazeti ni mambo mawili tofauti, mwonyesheni jalada hilo.

Sasa mtihani. Hapa ndipo ninapoogopa zaidi, kwa kuwa nawajua wasahihishaji, nami ni mmoja wao. Somo lolote likishakuwa na mtihani wa maandishi peke yake, baada ya miaka miwili litakuwa na kijitabu cha maswali na majibu kinachouzwa stendi. "Taja sifa tano za mwandishi wa habari bora." Mtoto atataja: mkweli, mdadisi, jasiri, mwadilifu, mwenye lugha fasaha. Alama tano kati ya tano, na hajawahi kumwuliza mtu hata saa. Tayari tunamtaka aandike barua kwa mhariri wa gazeti ambalo hajawahi kulishika mkononi, na anaandika vizuri tu, anwani mbili, kichwa cha barua, "nitafurahi endapo utanipatia nafasi." Tumemfundisha umbo la barua ya malalamiko mtoto asiye na lalamiko alilolichunguza.

Pendekezo langu ni alama zitokane na kazi iliyobandikwa pamoja na daftari lake la safu tatu. Msahihishaji achukue habari moja, aifuate nyuma mpaka kwenye daftari: jina hili lilitoka wapi, namba hii aliisema nani. Pale ambapo habari ina kitu ambacho daftari halina, alama zikatwe bila huruma. Mtoto ambaye habari yake ilikufa kwa sababu alihakiki akakuta si kweli, apewe alama sawa na aliyebandikwa. Hili la mwisho ni muhimu kwangu kuliko yote ya aya hii. Lina faida nyingine siku hizi: wapo wanaokuja na makala yaliyotungwa na akili mnemba kwenye simu za kaka zao nyumbani, Kiswahili kinang'aa. Sihangaiki nao. Naomba daftari tu.

Kuhusu vifaa sina mengi. Msianze na kamera. Msianze na studio. Simu ni marufuku kwa wanafunzi shuleni, na somo linalodai kamera litaishia kwenye shule chache za mjini, kwingine kabati litafungwa kufuli na funguo atakaa nazo makamu mkuu. Manila, gundi, maka, ukuta wenye paa ili mvua isilowanishe. Redio za jamii zilizo wilayani zinaweza kuwapa watoto robo saa kwa wiki. Waandishi wastaafu wapo, wanakaa vibarazani, waiteni. Mwalimu wa Kiswahili au wa Kiingereza anatosha kuanza akipata mafunzo kazini ya kweli, si ya siku mbili na begi.

Lugha lakini nitaigombania. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na najua kuna watakaotaka gazeti la shule liwe la Kiingereza ili watoto "wapate mazoezi". Wapewe ukurasa wao. Gazeti lenyewe liwe la Kiswahili, kwa sababu rahisi: mama mpishi aliyehojiwa awe na uwezo wa kulisoma, na kama amenukuliwa vibaya aje juu. Mwandishi asiyeweza kusutwa na aliyemwandika hajifunzi kitu.

Nifike kwenye la kubandua.

Sitaki mkuu wa shule anyang'anywe madaraka. Wako watoto ndani ya habari hizi, na mimi mwenyewe nimewahi kuponea chupuchupu. Tangu Serikali iliporuhusu, Novemba 2021, wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi katika shule za kawaida, klabu ilitaka kuandika juu yao. Kijana mmoja aliandika vizuri, kwa heshima, bila jina: "mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyerudi baada ya kujifungua." Jioni kabla ya kubandika nikampelekea binti mwenyewe asome. Akasoma mara mbili, akanirudishia. "Mwalimu, hapa mmeniandika jina." Nikashangaa, liko wapi? Akasema, "Kidato cha tatu niko peke yangu." Habari ile hatukuibandika, na kijana hakupinga. Siku hiyo nilijifunza zaidi yake.

Kwa hiyo mipaka iwepo. Mtoto asitambulishwe kwenye habari ya ujauzito, ugonjwa, ukatili au umaskini wa kwao, si kwa jina wala kwa kitu kingine kinachomwonyesha; Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zipo, zifundishwe humo. Matusi hapana. Uchochezi wa fujo hapana. Lakini "wazazi wakiliona je" isiwe sababu. Mkuu anayezuia habari aandike sababu yake kwenye daftari la uhariri, akitaja ni kipengele kipi cha muhtasari, atie saini na tarehe. Tu. Akishaandika, abandue. Nimewaona wakuu wengi. Anayebandua kwa mkono hawezi mara zote kubandua kwa kalamu.

Wenzetu Marekani walipita njia hii kwa kugombana mahakamani. Mwaka 1983 mkuu wa shule ya Hazelwood East, Missouri, aliondoa kurasa mbili za gazeti la wanafunzi, zilizokuwa na habari za mimba na za wazazi kutalikiana. Wanafunzi wakashtaki, na 1988 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo ikampa ushindi mkuu wa shule. Baadhi ya majimbo hayakuridhika, yakatunga sheria zao za kulinda magazeti ya wanafunzi. Kansas ilitunga yake 1992. Miaka 25 baadaye, 2017, wanafunzi wa Pittsburg High School katika jimbo hilohilo la Kansas waliandika habari ya kumkaribisha mkuu mpya aliyekwisha kuajiriwa. Wakafanya kazi ya kawaida ya kuhakiki wasifu wake, wakakuta chuo alichodai kuwa kilimpa shahada hakina ithibati. Wakachapisha. Mkuu yule akajiuzulu kabla hajaanza kazi. Watu wazima waliomwajiri walikuwa na karatasi zilezile mbele yao.

Sisi tuna woga wetu wa aina nyingine, na nao mtusaidie. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Ninapowaomba walimu wenzangu waanzishe klabu, wa kwanza kunijibu husema, "Unataka tufungwe?" Anasema kwa mzaha, lakini klabu haanzishi. Muhtasari uwe na sentensi inayotamka kwamba kazi hii ni ya kujifunza ndani ya shule, chini ya mwalimu, na kwamba mwalimu aliyefuata muhtasari hatahamishwa wala kuandikiwa barua ya kujieleza kwa sababu mwanafunzi wake ameandika jambo la kweli. Sentensi hiyo mkiigeuza kuwa "walimu wahimize uandishi wa habari wenye tija", mtakuwa mmetuacha palepale.

Yule binti wa maharage yuko kidato cha nne sasa. Mchango wa chakula alilipiwa na mjomba wake, nusunusu, mpaka ukaisha. Wiki iliyopita alinikabidhi habari ya bomba la maji: siku tisa za kuhesabu ndoo, mahojiano na fundi, nakala ya ankara. Safu ya NADHANI haina kitu. Toleo hilo liko juu ya meza yangu, halijabandikwa. Linasubiri saini, na mwenye saini amesafiri kikazi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa klabu ya habari,
Tanga